Picha kali zilizonyimwa tuzo: ninyi mngeongeza zipi?

MamaZuhura_Busia

Habari za jioni jamani. Nina kibanda cha video hapa Busia, upande wa Uganda, karibu na yanapolala malori. Jumamosi na Jumapili ni mpira, na mpira ndio unaolipa kodi. Jumatano jioni ni siku yangu ya picha, kiingilio shilingi 1,000. Wanaokuja ni kina mama wa sokoni na vijana wa boda. Wengine Kiganda cha VJ, yule anayetafsiri picha kwa sauti juu ya maneno ya waigizaji, hakiwaingii vizuri, kwa hiyo nashika maiki na kutafsiri mwenyewe kwa Kiswahili.

Wiki iliyopita nilionyesha Queen of Katwe, ile ya Phiona, binti maskini wa Katwe, Kampala, anayekuwa bingwa wa sataranji. Mwalimu mmoja kijana, mtu wa heshima, akaniuliza mlangoni kwa nini nawaletea watu picha ambayo Oscar haikuiteua hata kwa kitu kimoja. Alitaka niweke zilizoshinda tu. Nilikosa jibu, na tangu siku hiyo linanikereketa.

Kwa sababu mimi niliona kilichotokea mle ndani. Pale Harriet, mama yake Phiona, anapouza nguo yake ya thamani apate mafuta ya taa, mtoto asome usiku, nilikuwa natafsiri sauti ikanikatika. Mama mmoja wa mbele, muuza dagaa, akaniambia, "Acha tu, hapo tumeelewa." Kibanda kizima kikatazama bila maneno yangu. Na pale Brian, mdogo wake Phiona, anapogongwa na pikipiki, halafu wanatoroka hospitali kwa kukosa pesa, hakuna aliyehitaji kuelezwa hiyo ni nchi gani.

Lupita Nyong'o alipata Oscar mwaka 2014 kwa kuigiza mtumwa anayechapwa viboko katika 12 Years a Slave. Alistahili, sibishi. Lakini miaka miwili baadaye akaigiza huyo Harriet, mama wa Katwe asiyekubali kuinamishwa, kwa macho na mabega tu, na kwangu mimi hiyo ndiyo kazi kubwa zaidi. Hawakumtaja.

Sasa nataka Jumatano nne mfululizo za picha kubwa ambazo tuzo zilizipita. Niambieni zipi, na mniambie mlizionaje, si majina matupu.

Mzee_wa_Jinja

Mama Zuhura, usiondoke kwa Mira Nair bado. Tafuta Mississippi Masala ya mwaka 1991, ni yake huyohuyo aliyeongoza Queen of Katwe. Steringi ni Denzel Washington na Sarita Choudhury. Tamasha la filamu la Venice, Italia, liliipa tuzo ya uandishi, lakini Oscar haikuteuliwa popote.

Inaanzia Kampala mwaka 1972, Amin amewapa Waasia siku 90 waondoke. Baba yangu alikuwa fundi cherehani kwenye duka la familia ya Kihindi hapa Main Street. Alinisimulia jinsi tajiri wake alivyomkabidhi funguo asubuhi moja bila kusema neno, na mchana askari wakaja wakazichukua. Baba alikuwa hapendi kuisimulia hiyo habari. Nilipoiona picha hii mara ya kwanza nilikuwa mtu mzima mwenye watoto, na yule Jay aliyefukuzwa, anayekaa Marekani akiandika barua miaka na miaka adai nyumba yake, alinifanya nimfikirie yule tajiri kwa mara ya kwanza kama mtu aliyepoteza kwao. Mwishoni anarudi Kampala, anambeba mtoto asiyemjua, mtoto anamshika uso. Hapo utafsiri polepole, dada. Au unyamaze kama ulivyonyamaza kwa Harriet.

Kijana_Makerere

Mama, mwambie mwalimu kwamba Oscar ni kura za wanachama wa Akademi, chama cha watu wa filamu kule Marekani, na ni vigumu mwanachama kuipigia kura picha asiyoiona. Studio humwaga pesa nyingi kuanzia Novemba kuwaonyesha wapiga kura na kuwakumbusha majina. Queen of Katwe ilitoka Septemba 2016. Iligharimu kama dola milioni 15 na ikaingiza kama milioni 10. Picha iliyopata hasara mapema namna hiyo, ni nani ataongeza pesa ya kuinadi?

Kuna pia suala la lugha. Ile tuzo ya picha za kimataifa inataka zaidi ya nusu ya mazungumzo yasiwe Kiingereza, na kila nchi hupeleka picha moja tu. Lionheart ya Nigeria iliondolewa mwaka 2019 kwa sababu hiyo, wakati Kiingereza ndicho lugha rasmi ya Nigeria, kama kwetu. Uganda ilipeleka picha kwa mara ya kwanza mwaka 2022: Tembele ya Morris Mugisha, ya Kiganda, kuhusu mzoa taka wa Kampala aliyefiwa na mtoto mchanga na akili ikamvurugika. Haikuteuliwa. Iweke kwenye orodha yako, maana wanaume wetu wanaombolezaje? Mimi nilikuwa sijawahi kuona picha inayouliza hilo.

Halafu jambo moja. Yule binti aliyeigiza Gloria, anayemfundisha Phiona sataranji, ni Nikita Waligwa. Alifariki Februari 2020 kwa uvimbe wa ubongo, akiwa na miaka 15. Ukionyesha tena, mtaje.

Boda_wa_Malaba

Heat, 1995. Al Pacino na Robert De Niro. Uteuzi wa Oscar: sifuri. Niliiona kibandani nikiwa shule ya msingi, ile ya VJ, na wale wawili walipokaa mgahawani wanakunywa kahawa kila mtu alinyamaza, hata muuza karanga. Polisi na mwizi wanaambiana ukweli wala hakuna anayetoa bastola.

MamaZuhura_Busia

Asanteni sana. Kijana, sikujua habari za Nikita. Nimeirudia ile sehemu ya mwisho, kila mwigizaji anaposimama kando ya mtu halisi aliyemwigiza, na safari hii nimeitazama kwa namna nyingine kabisa. Jumatano ijayo namuomba mwalimu aje tuirudie Queen of Katwe, bure kwa kina mama, na jina la Nikita nitalisema kabla taa hazijazimwa. Inayofuata ni Mississippi Masala, kisha Heat. Tembele itafunga, nikipata nakala ya halali. Mwenye kujua inapouzwa aniandikie.

Mzee wa Jinja, ukiweza kusafiri hiyo Jumatano ya pili, benchi la mbele nitakuwekea nafasi. Naomba uwasimulie watu habari ya zile funguo kabla hatujaanza.