Udongo gani huporomoka haraka baada ya mlima kukatwa miti?

Mteremko30
Wakuu, naomba ufafanuzi. Mteremko una pembe ya digrii 30 hivi. Udongo wa juu ni kichanga chenye mfinyanzi kidogo, kina chake mita 1.5, na chini yake ni mwamba. Miti yote ilikatwa miaka minne iliyopita. Misimu ya mwanzo ya mvua ilipita salama, ila sasa nyufa zimetokea sehemu ya juu. Kwa nini sasa, na si mwaka ule ule wa kukata? Na je, udongo wa mfinyanzi ungekuwa salama zaidi kwa kuwa unanata?

MiziziMwamba
Mti ukikatwa, mizizi yake haiozi siku hiyo. Myembamba hutangulia, minene hufuata, na nguvu ya kushika udongo hupungua mwaka hadi mwaka. Kipindi kibaya huanza takriban mwaka wa 3 na kinaweza kufika mwaka wa 15, kutegemea aina ya mti na hali ya hewa, kwa sababu mizizi ya zamani imekwisha na mipya bado haijafika chini. Huo mteremko umeingia humo.

Tuweke namba za mfano. Udongo una uzito wa kilonewtoni 18 kwa mita ya ujazo, pembe ya msuguano (kipimo cha jinsi chembe zinavyokwama zikikandamizana) digrii 34, mshikamano wake wenyewe kilopaskali 3 (kilopaskali ni kilonewtoni kwa mita ya mraba), na mizizi hai inaongeza kilopaskali 5. Gawanya nguvu inayoshikilia kwa nguvu inayovuta kushuka. Jibu likiwa chini ya 1, udongo unaondoka.

Mkavu, bila mizizi: 1.42
Umejaa maji hadi juu, mizizi ipo: 1.22
Umejaa maji hadi juu, bila mizizi: 0.79

Ndiyo maana kiangazi kinadanganya. Mteremko huohuo usio na miti unasimama vizuri ukiwa mkavu, lakini maji yakipanda kufikia mita 1 hivi juu ya mwamba, unafika 1 kamili. Watu husema maji yanaongeza uzito, na ni kweli kidogo, ila kubwa zaidi ni shinikizo la maji ndani ya vinyweleo vya udongo, yaani nafasi ndogo kati ya chembe: linazibeba chembe, zinakandamizana kidogo tu, msuguano unapungua.

KipimoChaUdongo
Naongezea kuhusu mfinyanzi, maana hapo wengi wanakosea. Kunata kwake ni kwa wakati ukiwa na unyevu wa wastani. Ule unaovimba hupasuka nyufa za kina kiangazi. Mvua ya kwanza inaingia moja kwa moja hadi chini, kisha udongo unalainika na kukaa na maji kwa muda mrefu. Kwa hiyo kichanga huporomoka wakati wa mvua kubwa yenyewe, mfinyanzi unaweza kusubiri siku kadhaa baada ya mvua. Udongo wa majivu ya volkano nao una tabia yake: ni mwepesi, unabeba maji mengi bila kuonekana umelowa, na ukitikiswa hugeuka uji.

Hatari kuliko zote kwangu ni tabaka linalopitisha maji likiwa juu ya tabaka lisilopitisha. Chimba shimo hadi kwenye mwamba, nje ya eneo lenye nyufa na siku isiyo na mvua. Ukiona madoa ya kijivu na ya kutu juu kidogo ya mwamba, maji husimama hapo kila msimu. Kisha chukua udongo wa kila tabaka, ulowanishe, uukamue kati ya kidole gumba na cha shahada utoke utepe: utepe ukizidi sentimita 5 kabla ya kukatika, ni mfinyanzi, usipofika 2.5, mfinyanzi ni kidogo.

Mteremko30
Asanteni sana. Tukichimba makinga maji na kupanda miti mara moja, itatosha?

MiziziMwamba
Makinga maji ya kuzamisha maji yasichimbwe hapo, tafadhali. Yanafaa kwa mmomonyoko, lakini kwenye mteremko wenye nyufa yanapeleka maji palepale pasipotakiwa. Chimba mtaro juu ya nyufa, kwenye udongo usiosogea, wenye mwinamo wa asilimia 1 hivi, uelekeze maji pembeni kwenye njia iliyojengwa kwa mawe. Nyufa zijazwe mfinyanzi na kushindiliwa. Chini ya mteremko pasikatwe kwa ajili ya barabara wala nyumba.

Kupanda ni lazima, ila miche haitasaidia msimu huu. Visiki vinavyochipua viachwe, mizizi yake bado hai. Mizizi ya vetiva, aina ya nyasi, hushuka haraka, inaweza kupita hiyo mita 1.5. Mporomoko unaoteleza chini zaidi ya mizizi, mmea wowote hauuzuii.

KipimoChaUdongo
Pigilia vigingi viwili, kimoja kila upande wa ufa, upime umbali kila asubuhi. Ukiongezeka siku hadi siku, au chemchemi ya chini ikianza kutoa tope, au ikakauka ghafla huku mvua inanyesha, wanaoishi chini waondoke siku hiyohiyo, mchana.