Unga wa mbao au sponji ya kusaga: kipi kinafaa kwa nyasi za treni ndogo?

MjengaReli:
Wakuu habari zenu. Nina meza ya treni ya HO (kipimo cha 1:87, yaani kila kitu ni kidogo mara 87 kuliko halisi), reli zimeshakaa na treni inazunguka vizuri kabisa, sasa nimefika kwenye mandhari. Meza ni kubwa kwa hiyo nyasi za paketi naona zitanimaliza, nataka nitengeneze mwenyewe. Nipo kati ya unga wa mbao niutie rangi au sponji ya godoro niisage, na kuna mtu kaniambia hata makapi ya kahawa yanafaa. Waliojaribu naombeni msaada kabla sijaanza kumwaga gundi.

Mama Behewa:
Kaka mimi nimetumia vyote na kwa vichaka na majani ya miti sponji haina mpinzani. Nachana godoro la zamani vipande vya saizi ya kidole gumba, natia kwenye blenda (iwe ya kazi hiyo tu, isirudi jikoni) pamoja na maji na rangi ya akriliki, nasaga kwa kubonyeza na kuachia, kubonyeza na kuachia, maana ukiiacha mfululizo sponji inajizungusha kwenye visu na mota inapata moto. Nakamua kwa kitambaa, naanika juu ya gazeti siku mbili tatu hadi ikauke kweli, ndo nachekecha. Inayopita kwenye chujio la chai ni nyasi, inayobaki juu ni vichaka. Tengeneza rangi tatu, kijani iliyokolea, kijani ya kuelekea njano na kahawia kidogo, uchanganye wakati wa kunyunyiza. Ukitumia moja tupu meza inakuwa kama imetandikwa zulia.

Seremala87:
Sponji nzuri sikatai ila kwa eneo kubwa utasaga mpaka uchoke, unga wa mbao ndo unamaliza kazi. Chekecha KABLA ya kutia rangi, chukua ule laini wa msumeno, maranda ya randa weka pembeni. Kwenye 1:87 mtu mzima ana kama sentimita 2 tu, sasa kijiti cha milimita 5 kinamfika magotini, hapo hata ukipake kijani gani macho yanaona kuni. Na rangi ya chakula usiiguse, yangu ilipauka upande wote wa dirishani ikabidi nikwangue, tumia akriliki au rangi ya maji ya ukuta.

MjengaReli:
Asanteni sana. Na kahawa je?

Mzee Kokoto:
Kahawa ni udongo mwanangu, sio nyasi, na kwa udongo wa shamba lililolimwa ni nzuri mno. Ila ikauke kabisa, itandaze kwenye trei uiweke kwenye oveni ya moto mdogo mpaka ukiishika inamwagika kama mchanga. Mimi niliwahi kuibandika ikiwa na unyevunyevu, haikumaliza wiki ikaota ukungu mweupe kando ya stesheni nzima.

Gundi: gundi nyeupe na maji nusu kwa nusu. Kwanza pulizia maji yenye tone la sabuni ya vyombo, ndo udondoshe gundi kwa bomba la sindano. Bila sabuni gundi inasimama juu ya unga kama umande kwenye jani la yungiyungi, inakusanya unga inakuwa vijipira.

Seremala87:
Na kama utachekecha mchanga kwa ajili ya kokoto za relini, pitisha sumaku mara kadhaa kabla hujaumwaga. Mchanga mwingi una chembe za chuma, na mota ya kichwa cha treni ina sumaku, inazivuta zinaingia ndani zinakwangua.

Mama Behewa:
Hapo umenena. Pia kwenye swichi za reli (pale njia inapogawanyika) ziba kwa mkanda wa karatasi kabla ya gundi, tone moja tu likiingia kwenye ulimi, kile kipande cha reli kinachosogea, haigeuki tena.

MjengaReli:
Basi unga wa mbao chini kote, sponji kwenye miti na pembeni ya reli, kahawa shambani. Ubao wangu ni mweupe, nibandike hivyohivyo?

Mzee Kokoto:
Hapana, upake kahawia kwanza. Unga utaachia mapengo tu hata ujitahidi vipi, pengo la kahawia ni udongo ila pengo jeupe linaonekana toka mlangoni.