Msaada: maski inatetemeka ninapomkata mcheza ngoma

MpigaPicha_Tanga
Wakuu, habari za jioni. Nina klipu ya sekunde 8 ya mama anayecheza ngoma uwanjani, fremu 25 kwa sekunde, yaani fremu 200. Mteja anataka jina la kikundi lipite nyuma yake. Natumia programu ya Blender. Nimechora maski moja (mstari wa nukta unaomtenga na kilicho nyuma yake) kuuzunguka mwili mzima, nikasogeza nukta fremu kwa fremu. Nikiicheza, kingo zinatetemeka na khanga ya kiunoni inakatikakatika. Nianzie wapi?

Fundi wa Maski
Mkuu, futa hiyo maski. Chora kichwa peke yake, kiwiliwili peke yake, mkono wa juu, kigasha, kiganja. Miguu vivyo hivyo. Vipande vipishane kwenye bega, kiwiko na goti, na nukta ziwe chache kadiri inavyowezekana.

Kabla ya kuchora, tazama mguu mmoja tu. Unageuza mwelekeo wapi? Goti limefika juu kabisa, unyayo umegusa mchanga: weka alama hapo (keyframe, yaani programu ikumbuke maski ilivyo kwenye fremu hiyo), nayo ijaze fremu za katikati. Kisha nenda katikati ya alama mbili, rekebisha, gawa tena pale tu mstari unapoachana na mguu. Ukigusa kila fremu lazima itetemeke, maana hakuna mkono unaorudia mstari uleule mara 200. Na sogeza au zungusha kipande kizima kwanza. Nukta mojamoja baadaye.

Khanga ipe maski yake na alama zake. Kiuno kikishageuka, pindo bado linakwenda kule lilikotoka.

Kijana wa Montaji
Si atumie Roto Brush, ile zana ya kukata mtu iliyomo kwenye programu ya After Effects, imkatie?

Fundi wa Maski
Ni nzuri mtu akiachana kwa rangi na kilicho nyuma yake. Khanga nyekundu mbele ya watazamaji wenye khanga nyekundu, kingo zitapotea, utarudi kuchora kwa mkono.

MpigaPicha_Tanga
Asante sana mkuu. Mguu wa kulia umetulia kabisa! Ila kiganja kikipita kwa kasi kinakuwa ukungu, sioni ukingo.

Fundi wa Maski
Hongera! Pitisha mstari katikati ya huo ukungu, usiuzungushie wote. Halafu washa ukungu wa mwendo (motion blur) kwenye nodi ya maski, kile kisanduku cha Blender kinachoingiza maski kwenye picha. Vidole vichore pamoja mpaka fremu vinapoachana. Ukimaliza, weka kijani kikali nyuma yake ukague kingo kabla ya kuleta jina la kikundi.