MREJESHO: Wale dagaa wachungu, sasa sufuria inarudi tupu

Wapendwa, wiki mbili zilizopita niliuliza mbona dagaa wangu wachungu alafu wana mchanga, watoto wanakula ugali mkavu wanawaacha. Nimerudi.

Aliyesema nitoe vichwa na utumbo abarikiwe jamani, kazi inachosha (nusu kilo karibu saa nzima!) ila uchungu umeisha kabisa. Nikawaosha maji ya uvuguvugu mara nne mpaka beseni halina mchanga chini, nikawakaanga kidogo, kitunguu, nyanya tatu, alafu karanga za kusaga vijiko vitatu, hizo koroga na maji pembeni kwanza maana siku ya kwanza nilimwaga kavu zikafanya mabonge, aibu tupu. Mwisho ndimu. Dona na mchicha pembeni.

Dagaa nilifuata soko la samaki la Mwaloni Kirumba, Mwanza, wale wa kuanikwa kwenye chanja sio mchangani, bei imechangamka lakini utofauti unauona.

Kale kadogo kanakochaguaga chakula kaliomba kaongezewe. Baba yao eti ndimu imezidi, na sahani kafuta yeye.

Kesho najaribu na nyanya chungu.