Naombeni ushauri: nimeambiwa nikae nje nitazame miti, mtaani wanasema nawanga

karani_wa_msimu

Wakuu, habari za jioni. Naomba ushauri wa kweli, utani baadaye.

Nina miaka 29, nimepanga chumba kimoja Chikongola, Mtwara mjini. Kazi yangu ni ya msimu. Korosho zikianza kuingia ghalani mwezi wa kumi mimi ni karani, napima na kuandika, sina muda hata wa kunyoa. Minada ikiisha, na mimi nimeisha. Kuanzia mwezi wa pili naokoteza vibarua, na kipupwe kikiingia, mwezi wa sita na wa saba, huwa nazimika kabisa kama chemli iliyoishiwa mafuta. Huu ni mwaka wa tatu mfululizo, ndiyo maana nimeshtuka. Kusi linapiga bati usiku kucha, mchana mawingu, kibaridi, mimi kitandani na simu mpaka saa nane za usiku. Naamka saa nne asubuhi. Sina homa, sidaiwi (nadaiwa kidogo), sijaachwa na mtu. Nakula kwa sababu mama mwenye nyumba ananigongea mlango. Moyo mzito tu.

Nikaenda kituo cha afya nikidhani ni malaria. Kipimo hakikuonyesha kitu. Nesi niliyemkuta, mama mtu mzima, akanihoji taratibu, kisha akasema: kila siku dakika kumi toka nje bila simu, tazama kitu kimoja, mti, ndege, maji, chochote. Akili ikikimbia irudishe palepale, usijigombeze. Rudi baada ya wiki mbili.

Sasa shida. Siku ya kwanza nimekaa chini ya mwarobaini uani natazama sisimizi. Haikupita hata dakika ya nne, mama mwenye nyumba: "Unatega nini hapo?" Nikamwambia natazama tu. Akaingia ndani, akatoka na uji. Siku ya pili nikaenda Shangani, nimekaa kwenye mwamba natazama maji. Kina mama wawili waliokuwa wakitoka kuchokoa pweza wakasimama: "Mwanangu, una wazazi wewe?" Walidhani nataka kujitosa. Siku ya tatu nikasema nitoke alfajiri, giza bado, asinione mtu. Mlinzi wa duka akanimulika tochi, na kufika jioni nasikia mtaani kuna kijana anawanga.

Nauliza mambo mawili. Hii kitu inasaidia kweli, au ni ya watu wenye bustani zao? Na kama inasaidia, mtu wa uswahilini anaifanyaje bila kuonekana chizi?

fundi_redio

"Akatoka na uji" 😂 Pole mkuu. Nimekaa hapa nasubiri wataalamu.

Bwana_Mkubwa_77

Kijana, dawa ya hayo ni hela. Ungekuwa na watoto wanne na ada ya mwezi wa saba usingepata muda wa kuhesabu sisimizi. Moyo mzito ni mfuko mwepesi.

mshipi_na_ndoana

Mwanangu karani, mimi ni mtu wa Mikindani, nimevua mpaka magoti yakagoma. Kosa lako ni moja: ulikaa mikono mitupu. Huku kwetu anayetazama mikono mitupu ni mwizi, mwanga au mgonjwa. Mwenye mshipi mkononi ni mvuvi, hata asipopata dagaa mwaka mzima. Nunua mshipi, ndoana na chubwi, kakae palepale Shangani, na hata chambo si lazima. Utakaa mpaka uchoke na hakuna atakayekuuliza habari za wazazi.

Halafu lipe jicho kazi. Ukiliambia "tazama bahari" litachoka, bahari ni kubwa. Chora alama kwa chaki kwenye mwamba pale maji yalipoishia kujaa, uandike na saa, wewe si karani? Kesho yake rudi. Utakuta yamechelewa. Kwa wastani yanachelewa kama dakika 50 kila siku, lakini siku za bamvua huwa pungufu ya hapo na siku za maji mafu zinaweza kupita saa nzima. Mwezi ukiandama na ukiwa mpevu utaona bamvua, maji yanatoka mpaka unajiuliza hii nchi kavu ilikuwa wapi, kisha yanarudi kuingia kwenye mikoko. Mwezi ukiwa nusu, maji mafu, hayaendi mbali, hayarudi kwa nguvu. Usinikubalie kwa sababu nimesema mimi. Kaone.

Na hilo kusi unalolilaani, lisikilize. Alfajiri mara nyingi linalegea, jua likipanda linaamka. Sisi tuliishi kwa kujua saa yake. Utalisikia likipungua siku hata siku mpaka demani, majira ya upepo kutulia, itakapoingia.

Jambo la mwisho. Kuanzia Julai hii mpaka karibu Oktoba nyangumi wenye nundu wanapita pwani yetu, huko nje ya Msimbati wanaonekana wakiruka. Wanatoka bahari za kusini kabisa kwenye barafu, wanakuja kuzaa kwenye maji ya vuguvugu. Hiki unachokiita baridi wewe, wenzio wamesafiri maelfu ya kilomita kukifuata.

mama_mingoko_Lindi

Mdogo wangu, Mzee wa mshipi kamaliza, mimi naongeza la kike. Nilipofiwa na mume wangu nilikaa miezi nasikia watu wakiongea kama wako chini ya maji. Sikwenda kutazama miti, nani angeniuzia ming'oko, hivi viazi vya porini? Ila kuna asubuhi naiosha mchanga, beseni liko kati ya miguu, nikaona kila mng'oko una umbo lake, huu umepinda kama kidole, huu una unyoya wa mzizi, maji ya baridi, harufu ya udongo wa porini. Nikashtuka kwamba kwa muda wote ule sikuwa nimewaza kitu kingine. Ilikuwa kama robo saa. Nilishazoea kuosha huku nawaza madeni, siku ile niliosha huku naosha.

Basi tangu siku ile hilo ndilo beseni langu. Naosha lile la kwanza polepole, mengine haraka kama kawaida, biashara lazima iende. Na uani kwangu kuna mpapai, chozi wawili wanakuja kwenye maua, dume anang'aa kama kanga mpya. Nikichelewa kutoka nahisi nimewakosea adabu.

Simu mpe mama mwenye nyumba ikifika saa tatu usiku. Anayekuletea uji bila kuombwa hatakunyima na hilo.

nipo_ughaibuni_kwa_muda

Mimi wa Masasi, niko Glasgow mwaka wa pili wa masomo. Karani, nisikilize. Huku mwezi wa Desemba jua linachomoza karibu saa tatu asubuhi na kabla ya saa kumi jioni limezama. Mchana mzima saa saba tu, tena za mawingu. Mwaka wa kwanza nilikuwa kama wewe, nalala kama gunia, natamani wali na mikate tu, sipokei simu ya mama. Nikaambiwa ni sonona ya majira, ina jina na ina tiba. Daktari Norman Rosenthal na wenzake waliiandika kitaalamu mwaka 1984. Yeye mwenyewe alizaliwa Afrika Kusini, alipohamia Marekani ndipo akaona baridi inamzima. Nilifarijika kujua hata aliyeigundua alikuwa mtoto wa jua.

Wengine huku wanatumia taa maalumu asubuhi, nusu saa, mwanga wake ni luksi 10,000. Ndani ya chumba cha kawaida unapata mia chache. Lakini nje, hata siku ya mawingu, mwanga ni mara nyingi ya huo wa chumbani. Sasa Mtwara mchana wa Juni na wa Desemba umepishana saa moja na kidogo tu. Sikwambii huumwi, nakwambia giza lako kubwa ni la pazia. Ukiamka saa nne umeshatupa saa tatu na nusu za mwanga ambazo huku watu wananunua taa ili wazipate.

Kuhusu kutazama, mimi nina mti mmoja bustanini njiani kwenda chuo. Ulipopukutika nikauona maiti. Nilipoanza kuusogelea kila siku nikakuta vichipukizi vimeshajaa kwenye vijiti, vimefungwa kama ngumi. Kumbe miti ya huku huviandaa kabla baridi haijaingia. Na kuna kandege ka kifua chekundu kanaimba baridi yote wakati wenzake wamenyamaza. Nasimama pale dakika tano, pua inatoka maji. Hakuna aliyewahi kuniuliza natega nini. Hakuna aliyewahi kuniletea uji vilevile. Hilo lifikirie.

mtoto_wa_Newala

Mnaongelea baridi, njooni Newala asubuhi hizi. Pale Shimo la Mungu ukungu unajaa bondeni kama maziwa kwenye bakuli, ukitulia unaona unavyopasuka jua likipanda mpaka bonde la Ruvuma linajitokeza.

Karani, wewe unaijua korosho ikiwa kwenye gunia tu. Panda bodaboda nenda upande wa Naliendele, mikorosho ndiyo inatoa maua sasa. Shika kikonyo kimoja utazame kwa karibu, ua likifunguka ni jeupe lenye michirizi ya waridi, likikaa linakolea kuwa jekundu, kwa hiyo shada moja lina maua ya leo na ya juzi pamoja. Harufu yake tamu na nzito, asubuhi zaidi. Na ukiona majani machanga na maua yana vumbi jeupe kama yamemwagiwa unga, huo ndio ubwiri unga, ndio sababu watu wanapuliza salfa. Mwezi wa kumi ukiandika kilo utakuwa unajua unaandika nini.

nesi_wa_zamu

Nawapongeza wachangiaji, ila naomba niseme la kazini. Huzuni inayokaa wiki mbili na zaidi karibu kila siku, ukapoteza hamu ya vitu ulivyovipenda, usingizi na chakula vikavurugika, ukajiona huna thamani, hiyo inaweza kuwa sonona na ni ugonjwa kama mwingine, si uvivu wala si mapepo. Kutulia na kutazama mazingira kunasaidia watu wengi, lakini hakuchukui nafasi ya matibabu. Kuna maongezi na mtaalamu, kuna dawa. Huyo nesi kakupa wiki mbili makusudi, usiache kurudi hata ukijisikia nafuu, na mwambie kwamba huu ni mwaka wa tatu. Akiona inafaa atakuandikia rufaa ya hospitali ya Ligula. Na yeyote anayesoma hapa akianza kuwaza kujidhuru, asisubiri dakika kumi za mti, amwamshe mtu aliye karibu waende hospitali usiku huohuo.

Karani, nakuuliza mbele ya watu: wale kina mama wa Shangani walikosea kabisa?

karani_wa_msimu

Nesi, nimekujibu faragha. Asante kwa kuuliza waziwazi, nyumbani hakuna aliyeuliza.

Bwana_Mkubwa_77

Mimi bado nasema hela. Ila kwa kuwa Newala kataja salfa, nina shemeji ana shamba huko njia ya Tandahimba anatafuta vibarua wa kupuliza, kazi inaanza alfajiri kabla upepo haujakaza. Utaamka tu. Vaa barakoa na miwani, salfa inachoma macho. Nitumie ujumbe.

karani_wa_msimu

Wakuu, nimerudi, ni siku ya kumi na moja. Nilitoka siku nane, tatu nilishindwa kunyanyuka, siwadanganyi.

Mzee wa Mikindani, mshipi umefanya kazi kuliko ulivyosema. Siku ya kwanza tu mlinzi yuleyule akanipita: "Wanakula?" Nikajibu "Wanagusagusa." Basi, uchawi umeisha. Kina mama wa pweza sasa wananicheka, mmoja kanionyesha shimo la pweza, mlangoni kuna maganda ya kaa aliowala. Nilishapita pale mara mia sijaliona.

Alama za chaki: siku ya kwanza maji yalijaa saa 11:10 jioni, ya pili 11:48. Nikadhani nimekosea maana ulisema 50. Kisha nikakumbuka ulisema bamvua hupungua. Juzi yalichelewa saa nzima na dakika sita. Nina daftari.

Simu inalala kwa mama mwenye nyumba. Ubaya wake anapokea. Dada yangu kaongea naye dakika arobaini, sasa wote wawili wananiulizia mchumba. Nalala saa tano. Asubuhi nyingine moyo bado ni jiwe, nyingine natoka kabla sijaukagua. Kwa nesi nimerudi, nina tarehe Ligula wiki ijayo. Jumatatu naanza salfa.

Mzee, swali la haraka. Leo kwa mara ya kwanza nimetia chambo na nimepata! Mfupi, mnene, meno yake kama ya sungura, nilipomtoa majini akajivimbisha kama mpira. Mama mwenye nyumba anasema samaki ni samaki.

mshipi_na_ndoana

Huyo ni bunju. Ana sumu, anaua. Usile, paka asile, kuku asile. Mfukie chini kabisa na unawe mikono.

karani_wa_msimu

Sufuria liko jikoni. Nakimbia.