Daktari asiyefuzu kinga ya maambukizi, ahuishiwe leseni?

Mleta mada:
Wakuu, mimi ni muuguzi wodi ya wazazi, huu mwaka wa 11. Hoja yangu ni hii: daktari ambaye hajapita mafunzo ya kinga na udhibiti wa maambukizi, tena akapimwa kwa vitendo hapo hapo wodini, asihuishiwe leseni. Awe intani (daktari mpya aliye kwenye mafunzo kazini), awe bingwa.

Mnajua inavyokuwa. Barua ya semina ikija, daktari yuko tieta (chumba cha upasuaji), anatumwa muuguzi. Basi anayejua kunawa ni yule asiyeweza kumkosoa mkubwa wake. Wiki iliyopita nilifuata raundi ya vitanda 14. Kitanda cha tano bingwa alifunua bandeji ya mama aliyejifungua kwa upasuaji, akabonyeza kando ya mshono kuangalia usaha, akahamia cha sita na glavu zile zile. Chupa ya kitakasa mikono ilikuwa kwenye toroli ninayoisukuma mimi. Nilinyamaza, na bado naumia. Nyuma yake walikuwepo wanafunzi saba, na kile walichokiona ndicho watakachokifanya.

Mwaka 1847 kule Vienna, daktari Ignaz Semmelweis aliona wodi ya wazazi yenye madaktari na wanafunzi inaua kina mama wengi kuliko ile ya wakunga. Walikuwa wakitoka kupasua maiti na kuja kuzalisha. Alipowanawisha kwa maji ya klorini, vifo vilishuka sana. Wenzake wengi walimpinga. Sisi je, tunapinga nini mpaka leo?

Mchangiaji wa kwanza:
Sista, uliyoyasema nimeyaona kwa macho yangu, sikubishii. Ila mimi ni daktari wa wilayani. Bomba la wodi lina siku nne halitoi maji, glavu ndugu wa mgonjwa wananunua duka la nje. Utaninyima leseni kwa lipi? Septemba 2022 Ebola ilipoibuka Mubende, Uganda, intani waligoma kwa kukosa vifaa kinga. Dkt. Mohammed Ali, Mtanzania mwenzetu aliyekuwa akisomea upasuaji huko, akafariki Oktoba 1. Semina bila vifaa ni kumtwisha daktari kosa la mwajiri.

Mleta mada:
Daktari, hapo kwenye maji na glavu niko upande wako, na siku ambayo havipo iandikwe kwa jina la uongozi, sio lako. Lakini tusiishie hapo. Mkumbuke Dkt. Matthew Lukwiya wa hospitali ya Lacor, Gulu, Uganda. Ebola ya mwaka 2000 yeye ndiye aliyeishtukia mapema, akatenga wodi, akawafundisha wauguzi kuvaa gauni, barakoa na glavu. Usiku mmoja akakimbilia kumsaidia muuguzi wake aliyekuwa akivuja damu, macho yake yakiwa wazi bila kinga. Alifariki Desemba 5. Kujua alijua kuliko sisi sote. Uchovu na huruma vilimtangulia. Ndiyo maana sitaki cheti cha siku mbili na posho, nataka mazoezi ya kila mwaka, daktari na muuguzi pamoja, mpaka mkono ufanye kabla ya kufikiri, na mpaka muuguzi aweze kusema "daktari, glavu" bila kuogopa kuitwa ofisini.

Na lile la kitanda cha tano bado hujanijibu. Maji yalikuwepo, chupa ilikuwepo, glavu mpya zilikuwepo. Kosa la nani?