Nyumba za zege za kwanza: kushindilia, kumimina au tofali? Ipi ingefaa milima ya Mwanza?

Mwashi_Igoma
Wakuu, nyumba za zege za mwanzo zilikuja kwa njia tatu. François Coignet alishindilia zege ndani ya boksi la mbao huko Saint-Denis, Ufaransa, 1853. Thomas Edison alitaka kumimina nyumba nzima kwa mkupuo ndani ya kalibu za chuma. Hataza (haki rasmi ya mvumbuzi) aliiomba 1908, akaipata 1917. Harmon Palmer wa Marekani alipata hataza ya mashine ya tofali zenye matundu mwaka 1900. Kwa kiwanja cha mlimani kama Mabatini au Igogo, ipi ingesimama? Nondo tuziweke kando kwanza.

Kokoto_Kirumba
Ya Edison ifute. Kalibu za chuma za nyumba nzima, nani azipandishe kule juu? Halafu zege la kujaza kila kona lazima litiririke, na likitiririka kokoto zinazama, maji yanapanda. Ukibomoa boksi unakuta chini kokoto tupu zenye matundu, juu uji. Edison alilijua hilo, ndiyo maana aliongeza udongo laini wa mfinyanzi ili kokoto zisizame. Kwa ratio ya 1:2:4 (saruji, mchanga, kokoto) mfuko wa saruji wa kilo 50 unataka maji lita 25 hadi 28, ukihesabu na unyevu wa mchanga. Ukifika 35 ili koleo liteleze, karibu theluthi ya nguvu imeondoka.

Ramani_Nyamagana
Basi Coignet anastahili heshima zaidi. Maji kidogo, unashindilia tabaka la sentimita 15 hivi mpaka uso uanze kung'aa unyevu, unaweka jingine. Linapofia ni kwenye kiungo: tabaka la jana likiachwa laini na kavu, la leo halishiki, na mvua ya masika inapita hapohapo. Likwaruzwe, lilowanishwe, ndipo uendelee.

Tusisahau pia kwamba saruji yao si hii ya dukani. Joseph Aspdin alipata hataza ya "Portland" 1824, lakini moto wake haukufika kiwango cha sasa. Klinka ya leo, yaani madonge yanayotoka tanuruni kabla ya kusagwa kuwa saruji, huiva kwenye nyuzi 1,450 hivi. Tanuru la kuzunguka lilipewa hataza 1885 kwa Frederick Ransome, na jasi husagwa pamoja na klinka ili saruji isigande mkononi. Ya zamani ilisagwa kwa ukubwa, ikakomaa polepole. Kwa hiyo ratio za vitabu vya zamani usizinakili.

Mzee_wa_Bandari
Na ifikeje Mwanza? Reli ilifika hapa 1928. Kabla yake mizigo mingi ya nje ilipitia Kisumu, kisha meli. Saruji ya enzi hizo iliuzwa kwa mapipa. Pipa la Kimarekani lilikuwa na ratili 376, kama kilo 170. Jaribu kulipandisha Mabatini! Kiwanda cha saruji cha Wazo Hill, Dar, chenyewe kilianza kuzalisha 1966. Na mawe yetu haya ni granaiti, kokoto safi kabisa, ila huwezi kuyachoma yakawa saruji.

Dada_Buswelu
Na tofali za kuchoma mnazirukaje? Mwalimu mwenyewe mwaka 1977 alilaumu uraibu wetu wa saruji na bati.

Mwashi_Igoma
Dada, hoja yako ni nzito ila inataka uzi wake. Hapa ni zege.

Kokoto_Kirumba
Kura yangu ni Palmer, na si kwa sababu tofali ina nguvu kuliko ukuta wa kumimina. Tofali mbovu unaitupa. Ukuta mbovu unahamia nao. Tatizo letu ni ratio. Tofali ya inchi 6 isiyo na tundu, sentimita 15×23×45, ni lita 15.5. Anayekwambia anatoa 35 kwa mfuko anajaza lita 543, na mfuko una lita 35 tu. Hiyo ni zaidi ya 1:15 hata kabla ya kushindilia! Ikwaruze kwa msumari: ikimwagika kama sukari, rudisha. Kwa 1:8 (saruji moja, mchanga nane) utapata tofali kama 15 kwa mfuko. Matundu ya Palmer yangepunguza gharama bila kugusa ratio. Tofali ziwekwe kivulini na kumwagiliwa siku 7, zikifika 14 bora zaidi.

Ramani_Nyamagana
Nakubali, ila mlimani nondo hukwepi. William Ward alishazitumia kwenye nyumba yake Port Chester, New York, 1873 hadi 1876. Weka mkanda wa zege juu ya msingi na mwingine kwenye lenta, nondo nne za milimita 12, zege lizifunike milimita 25 kila upande. Maji ya ziwa hayana chumvi ya bahari, kwa hiyo kutu si kali kama Pwani, lakini nondo iliyolazwa juu ya mbao za boksi itaoza popote.

Dada_Buswelu
Mchanga wa ufukweni je, unafaa?

Kokoto_Kirumba
Mwingi ni laini mno, tena wa saizi moja na una makombe ya konokono. Jaza chupa nusu mchanga, ongeza maji na chumvi kidogo, tikisa, acha saa 3. Tope la juu likizidi asilimia 8 ya kimo cha mchanga, osha au tafuta wa mtoni.